Uliza Ujibiwe: Mchoraji Aliyezivunja Herufi

Katika toleo la mwezi uliopita tulichapisha mchoro mmoja wa msanii wa Sudan, Ibrahim El-Salahi, pamoja na maelezo yasiyozidi nusu ukurasa. Sikutarajia kwamba nusu ukurasa huo ungeleta barua nyingi kuliko makala yetu ya bei ya unga, lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwa hiyo safu yote ya mwezi huu nimempa yeye. Barua nimezifupisha bila kugusa maana, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi.

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mjane na ninapangisha vyumba South C. Mmoja wa wapangaji wangu ni kijana wa Kisudani aliyefika Nairobi baada ya vita kuzuka kwao mwaka 2023. Kodi yake ilipochelewa miezi miwili aliniletea mchoro mkubwa wa rangi ya udongo na nyeusi, wenye mistari inayojikunja mithili ya maandishi ya Kiarabu. Mimi nilisoma chuoni nikiwa mtoto, na herufi hizo nazijua, lakini kila nikijaribu kusoma sipati hata neno moja. Kijana alinieleza kwamba mwalimu wake alifundishwa na mtu aliyefundishwa na Salahi. Nilipoliona jina hilo gazetini mwenu nilishtuka. Salahi huyu ni nani, na kwa nini mtu aandike maandishi yasiyosomeka? Mama Mwenye Nyumba, South C.

JIBU: Shikamoo, Mama. Kosa si la macho yako wala la mwalimu wako wa chuoni. Maandishi hayo hayasomeki kwa sababu yamevunjwa kwa makusudi, na aliyeanza kuyavunja alifikia hapo baada ya kupata aibu ambayo wasanii wengi wa Nairobi wataitambua mara moja, yaani aibu ya kuandaa maonyesho yasiyo na mtazamaji.

El-Salahi alizaliwa tarehe 5 Septemba 1930 mjini Omdurman, ng'ambo ya Nile ukitokea Khartoum. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani pale pale nyumbani, ambacho Wasudani hukiita khalwa, na mtoto alianza kuzijua herufi akiwa mdogo sana, kwa kalamu ya utete na wino, juu ya ubao ambao huandikwa, ukahifadhiwa moyoni, ukaoshwa, kisha ukaandikwa tena. Baadaye alisomea uchoraji katika Chuo cha Gordon mjini Khartoum, akapata ufadhili wa kwenda Slade, ambayo ni shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha London, na huko alikaa kuanzia 1954 hadi 1957. Alifundishwa yale ambayo mchoraji wa Ulaya hufundishwa: jinsi mwili wa binadamu ulivyojengeka, jinsi barabara inavyosinyaa kadiri inavyokwenda mbali, jinsi rangi ya mafuta inavyolazwa tabaka juu ya tabaka. Alirudi nyumbani na ustadi uliokamilika, akaanza kufundisha, akatundika kazi zake katika Grand Hotel, iliyo ukingoni mwa Nile mjini Khartoum.

Siku ya ufunguzi watu walifika. Siku zilizofuata hawakurudi.

Msanii mwingine angesema kwamba watu wa kwao hawajui sanaa. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi hapa Nairobi, mara nyingine yakitoka kwa mtu aliyeshika glasi katika hafla ya ufunguzi wa aina hiyo hiyo. El-Salahi alijigeuzia swali mwenyewe. Kama watu hawa wanapamba nyumba zao, wanapamba vyombo vyao na vitambaa vyao, basi wanapenda kutazama, na kama hawapendi kutazama alichokichora yeye, huenda amewaletea kitu ambacho hakina mahali katika macho yao. Akaacha kuchora kwa muda, akazunguka nchini akiangalia vile vitu ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuviweka ndani kwa hiari yao wenyewe. Aliona aya zilizoandikwa kwa hati nzuri zikitundikwa ukutani, akaona nakshi na mapambo ya mikono ambayo alikuwa ameyazoea tangu utotoni kiasi cha kutoyaona tena.

Aliporudi kwenye kazi yake alianza kwa woga. Aliandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa mchoro, kama mtu anavyopiga muhuri kwenye barua, na watu wakaanza kusogea karibu. Akayatawanya maneno hayo katika mchoro mzima, yakawa sehemu ya picha. Kisha akafanya lile ambalo limekushangaza wewe: akazivunja herufi zenyewe, akatafuta kilichomo ndani yake na katika nafasi zilizo baina yake, na katika vipande vile vikaanza kumtokea watu, wanyama na mimea.

Chukua karatasi, Mama, ujaribu mwenyewe. Andika nun peke yake, kubwa, ujaze ukurasa, kisha usahau kwamba ni herufi. Utaona dau na abiria mmoja. Alif ni mtu aliyesimama wima bila mikono. Waw ni mtu aliyejikunja, kichwa kikiwa kizito kuliko mwili. (Hizi ni tafsiri zangu, nisije nikamsingizia.) Ukiendelea hivyo kwa saa moja utagundua kwamba herufi ilikuwa mchoro kabla haijawa sauti, na kwamba tulipofundishwa kuisoma tulifundishwa pia kuacha kuitazama.

Rangi nazo zina historia hiyo hiyo. Katika miaka hiyo alijifunga kwenye rangi chache za ardhi ya kwao, yaani nyeusi, nyeupe, kahawia na manjano ya udongo, na bila shaka ndiko zilikotoka rangi za mchoro ulio nao. Yeye pamoja na wenzake kama Ahmed Shibrain na Kamala Ishag walikuja kuitwa Shule ya Khartoum, na kwa kuwa walikuwa walimu, waliowafundisha walifundisha wengine. Dai la mpangaji wako halina ajabu yoyote.

Ikiwa bado maandishi yasiyosomeka yanakukera, nitakukumbusha kitu ambacho bibi yangu pale Pumwani Majengo alikijua vizuri. Mtu alipougua, aya ziliandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, naye akanywa maji hayo, ndiyo kombe. Hakuna aliyesema kwamba maandishi yale yalipotea bure kwa sababu mgonjwa hakuyasoma. Utamaduni wetu wenyewe, kwa hiyo, umekuwa na maandishi yanayofanya kazi kwa njia nyingine, na anayekunywa kombe hapaswi kushangaa sana anapoambiwa kwamba maandishi yanaweza pia kutazamwa tu.

Kuhusu kodi, hilo ni lako na yeye, nami sitaki kuwa hakimu. Nitasema tu kwamba Kenya Power hawapokei turubai, na kwamba ukiamua kuupokea mchoro huo, usiutundike mahali panapopigwa na jua la mchana wala karibu na jiko.

SWALI: Ndugu Mhariri, mlimwita El-Salahi mchoraji wa sanaa dhahania. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na neno hilo nalitumia darasani kwa nomino zisizoshikika, kama vile upendo na uhuru. Katika mchoro mliouchapisha niliona nyuso dhahiri, zenye macho makubwa, zikinitazama. Kitu chenye macho kimekuwaje dhahania? Mwalimu, Kayole.

JIBU: Mwalimu, umenishika, na sitajitetea kwa muda mrefu. Mchoro ule unaitwa kwa Kiswahili Sauti Zilizozaliwa Upya za Ndoto za Utotoni, wa kwanza katika jina hilo. El-Salahi aliuanza mwaka 1961 na kuumaliza 1965, juu ya pamba nzito ya nchini Sudan, ukiwa na upana na urefu wa takriban mita 2.6, na leo uko katika mkusanyiko wa jumba la sanaa la Tate mjini London. Ni kweli kwamba una watu ndani yake. Lakini tazama ni watu wa namna gani: nyuso ndefu kama barakoa, miili isiyo na uzito, mikunjo ambayo huwezi kuapa kama ni shuka, mfupa au mkia wa herufi. Haumwonyeshi fulani bin fulani aliyesimama mahali fulani. Unaonyesha kilichobaki baada ya fulani na mahali pake kuondolewa.

Wahakiki wengi, kwa sababu hiyo, hawamweki El-Salahi katika sanaa dhahania tupu, ile isiyo na kitu chochote cha kutambulika, bali humwona akitembea katika njia iliyo kati ya umbo na alama. Nusu ukurasa wetu uliiruka tofauti hiyo, na haikupaswa kurukwa. Hata hivyo ningependa kulitetea neno lenyewe kidogo. Tunapenda kufikiri kwamba mchoraji wa dhahania anaikimbia dunia, anatoka kwenye vitu na kwenda kwenye hewa. El-Salahi hakukimbia chochote. Alianza na kitu kinachoshikika kabisa, herufi iliyoandikwa ubaoni, akaikaribia mno mpaka ikaacha kuwa ile tuliyoizoea.

Kwa darasa lako ningetumia kanga. Kila mwanafunzi anajua kwamba kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Katika pindo au mji mara nyingi kuna korosho, ile iliyopinda ncha. Hakuna mama hata mmoja aliyewahi kuirudisha kanga dukani akisema kwamba korosho hii haina ganda, haina kivuli wala haijaning'inia mtini. Tumekubali tangu zamani kwamba umbo linaweza kuondolewa kwenye tunda lake, likarudiwarudiwa, likapakwa rangi isiyo yake, na bado likabaki korosho. Tena chini yake pana maandishi, ambayo mara nyingine hukunjwa ndani ya vazi yasisomeke na yeyote isipokuwa aliyekusudiwa. Waulize wanafunzi ni wapi hasa, katika kitambaa hicho, picha inaishia na neno linaanzia. Nadhani kipindi cha dakika arobaini hakitatosha.

SWALI: Mwanangu yuko PP2, darasa la chekechea, na kila siku anarudi na karatasi zenye mistari na madoa kama hayo mnayoyasifu. Je, naye tumpeleke London? Baba wa Buruburu.

JIBU: Mpeleke kwanza bustanini, London itasubiri. Tofauti ni kwamba mtoto wako hajui bado kuchora mkono wenye vidole vitano vilivyokaa sawa, ilhali El-Salahi alijua, akaweka ujuzi huo kando, akabaki na jukumu la kueleza kwa nini ameuweka kando. Hata hivyo usizitupe karatasi za mtoto. Ziandike tarehe nyuma.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, naishi Umoja. Turubai na rangi ni ghali, na baba anasema niache mchezo nikasomee ufundi wa umeme. Mliandika kwa sentensi moja kwamba El-Salahi alichora gerezani bila karatasi. Ningependa kujua alichoraje, kwa sababu hali yangu haina tofauti kubwa. Mchoraji wa Ghorofa ya Nne, Umoja.

JIBU: Ipo tofauti, kijana wangu, nawe utaiona sasa hivi, lakini swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 El-Salahi alikuwa mtu mkubwa serikalini. Alikuwa amehudumu katika ubalozi wa Sudan mjini London akishughulikia utamaduni, kisha akaitwa nyumbani kufanya kazi ya utamaduni katika wizara, akapanda hadi cheo cha naibu katibu. Mwezi Septemba 1975, baada ya jaribio la kuipindua serikali ya Rais Jaafar Nimeiri, alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika. Hakufikishwa mahakamani. Aliwekwa katika gereza la Kober, Khartoum Kaskazini, kwa miezi sita na siku nane, katika chumba alichogawana na wafungwa wengine.

Kuandika na kuchora kulikatazwa, na aliyekutwa na karatasi au penseli aliadhibiwa kwa kufungiwa peke yake. El-Salahi alikuwa na kipande cha penseli na vipande vya karatasi ya mifuko ya simiti. Alichora wakati askari hawapo, na walipokaribia aliifukia michoro mchangani. Alipoachiliwa aliiacha huko huko ardhini.

Ukisikia habari hii mara ya kwanza unaisikia kama hadithi ya ushujaa, nayo ni hivyo, lakini mchoraji anapaswa kuisikiliza pia kama habari ya ufundi. Fikiria maana yake kwa mkono. Kipande cha mfuko wa simiti kinachofichika kiganjani hakikubali picha kubwa. Kinakubali kiini tu. Na kwa kuwa huna hakika kama kesho utakipata kipande kingine, kila kimoja lazima kijitosheleze. Na kwa kuwa huwezi kuvitandaza vyote chini ukavitazama pamoja, picha nzima lazima uibebe kichwani. Kutokana na hali hiyo alipata wazo lililomwongoza kwa miaka mingi baadaye, kwamba mchoro unaweza kuanza kama mbegu katika kipande kimoja na kukua kuelekea pande zote, kipande kikiungwa na kipande, bila mchoraji kujua tangu mwanzo utaishia wapi.

Baada ya kutoka aliwekwa chini ya kizuizi cha nyumbani, na mwaka 1976 alijaza daftari kwa michoro ya wino na maandishi kuhusu gereza. Daftari hilo sasa linamilikiwa na Museum of Modern Art ya New York. Mwaka 1977 aliondoka Sudan akaenda Doha, Qatar, alikoishi hadi 1998. Huko ndiko wazo la kipande na kipande lilikokomaa. Kati ya 1984 na 1985 alichora kazi ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Lisiloepukika. Ni paneli tisa za wino mweusi, bila rangi nyingine, na zikipangwa ukutani zinazidi mita 5 kwa urefu na kwa upana. Ndani yake mna miili iliyobanana, mikono iliyonyanyuliwa, ngumi, na mistari mikali ambayo macho hayawezi kuamua kama ni silaha au mwandiko. Kila paneli inasimama yenyewe, na bado mstari unaotoka katika moja unaendelea katika nyingine. Kazi hiyo ilikamilika katika mwaka ule ule ambao Nimeiri aliondolewa madarakani baada ya wananchi kuingia barabarani. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Sasa turudi ghorofa ya nne. Sikwambii kwamba umaskini ni mwalimu mzuri, maana wanaosema hivyo kwa kawaida wameshakula. Nakwambia tu kwamba turubai si sharti. Chupa moja ya wino mweusi, brashi moja nyembamba na moja nene, na katoni ambazo wenye maduka hutupa kila jioni, vinatosha kwa kazi ya mwaka mzima, na ukizikata katoni kwa kipimo kimoja utaweza kuziunga. Anza na kitu ulichokizoea. Wewe wa Umoja umekua ukitazama nganya, yaani matatu za mapambo, zilizoandikwa kwa herufi zilizovutwa na kupindwa mpaka mgeni hawezi kuzisoma, ilhali wewe unalitambua gari ukiwa mbali kwa umbo la maandishi peke yake. Hiyo ndiyo khalwa yako. Usinakili herufi za El-Salahi; yeye alizipata ubaoni kwa baba yake, nawe huna sababu ya kumwazima ubao.

Kuhusu baba yako, nitakukatisha tamaa kidogo. El-Salahi alifanya kazi ya mshahara kwa sehemu kubwa ya maisha yake: alifundisha, akawa ofisa wa ubalozi, akawa ofisa wa wizara, na Doha vilevile aliajiriwa. Ufundi wa umeme haumzuii mtu kuchora, tena unanunua wino.

SWALI: Wakati wasanii hao wa Khartoum wakifanya hayo yote, sisi Nairobi tulikuwa tumelala? Msomaji wa Ngara.

JIBU: Hatukulala, na njia iliyotuunganisha ilipita mbali kidogo, Nigeria. Mapema miaka ya 1960 El-Salahi alionyesha kazi zake katika klabu ya Mbari mjini Ibadan, mahali palipowakutanisha waandishi na wachoraji wa nchi nyingi za Afrika. Mmoja wa waasisi wa Mbari alikuwa mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele, naye mwaka 1963 alikuja Nairobi akaanzisha kituo cha utamaduni cha Chemchemi kwa mwelekeo kama ule ule. Mchoraji Elimo Njau alifanya kazi Chemchemi, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa, jina ambalo wasiojua Kiswahili hulitamka bila kujua utamu wake, kwa kuwa paa ni mnyama, paa ni la nyumba, na kupaa ni kupaa. Sasa vita vya Aprili 2023 vimewaleta wachoraji wengi wa Sudan katika mji huu, na ukitembelea maonyesho ya hapa utakutana na herufi zilizovunjika mara nyingi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Safari hii hawakuja kwa hiari.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu wa miaka 74. Nilikuwa mchora ramani za majengo, na mstari ulionyooka ndio uliokuwa mkate wangu. Miaka mitatu iliyopita daktari aliniambia kwamba nina ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka, mgongo unauma, na kalamu nimeziweka ndani ya kabati. Mke wangu alisoma maelezo yenu akanisomea pale mliposema kwamba El-Salahi alichora hadi uzeeni. Je, naye aliugua? Mstaafu, Kahawa West.

JIBU: Shikamoo, Mzee. Ndiyo, naye aliugua, na ni ugonjwa huo huo wako, pamoja na maumivu makali ya mgongo na mguu yaliyomfanya ashindwe kusimama mbele ya turubai kubwa. Wakati huo alikuwa akiishi Oxford, Uingereza, alikohamia mwaka 1998, na jina lake lilikuwa limekwisha kukua: mwaka 2013 Tate Modern ilimfanyia maonyesho ya kazi za maisha yake yote, ya kwanza ya aina hiyo katika jumba hilo kwa msanii wa Kiafrika. Angeweza kupumzika kwa heshima.

Badala yake alianza kuchora kwenye kile kilichokuwa karibu na mkono wake alipokaa kitini, yaani visanduku vya dawa zake mwenyewe na bahasha. Alivifungua, akavigeuza, akachora kwa kalamu na wino mweusi kwenye upande usio na maandishi. Michoro hiyo ni midogo, mingine haizidi kiganja, na aliichora mingi sana. Aliiita kwa jina lenye maana ya kutuliza maumivu. Mwaka 2022 ilionyeshwa katika Drawing Center mjini New York, na baadhi yake imekuzwa kwa njia ya uchapaji juu ya turubai kubwa, ili kile alichokifanya mapajani kirudi kwenye ukubwa wa ukuta. Sishangai kwamba mtu aliyewahi kuchora kwenye vipande vya mifuko ya simiti alijua la kufanya na kisanduku cha vidonge.

Sisemi kwamba kuchora kunatibu, na dawa zako usiache kuzimeza kwa saa zake kama daktari alivyoagiza. Nasema tu kwamba mwenzako hakungoja mkono utulie. Ukiitazama michoro hiyo kwa karibu utaona mistari mifupi iliyowekwa mmoja kando ya mwingine, mamia kwa mamia, na umbo hutokana na msongamano wake. Mstari mmoja ukiyumba, jirani zake wanaubeba. Kwa mchora ramani hilo ni jambo gumu kulikubali, najua, kwa sababu katika kazi yako mstari ulioyumba ni ukuta ulioyumba.

Kwa kuwa unapenda mistari iliyonyooka, kuna kazi zake nyingine ambazo nadhani utazipenda zaidi. Kwa miaka mingi alichora mti mmoja tena na tena, mti wa jamii ya mgunga ambao Wasudani huuita haraz, nao humea pia katika sehemu kavu za Kenya. Haraz una tabia ya ajabu: mvua ikinyesha na miti yote ikivaa majani, wenyewe huyapukutisha, ukame ukija na miti mingine ikibaki fito, wenyewe ndio unaochanua na kuwapa mifugo kivuli. El-Salahi aliona katika ukaidi huo tabia ya watu wa kwao. Katika baadhi ya michoro hiyo huoni tena tawi wala jani, bali fito za wima za rangi, zimepangwa sambamba kutoka juu hadi chini, kama vile mtu amechora mpango wa jengo la mti. Mwalimu wa Kayole, ambaye barua yake imetangulia, huenda akakubali kwamba hizo angalau ni dhahania.

Zitoe kalamu kabatini, Mzee, uchague ile nyeusi yenye ncha nene kidogo. Kisanduku cha dawa kikiisha, kifungue kwa kufuata mikunjo yake na ukilaze mezani kama ulivyokuwa ukilaza ramani, upande wa ndani ukiangalia juu.